Mtu Mwenye Kidau cha Wino

Ujumbe wa Jumapili
Somo: Ezekieli sura ya 8 na ya 9
Mstari wa kukariri: Ezekieli 9:4



Tunaendelea na maono ya Ezekieli. Wiki hii tumefika sura ya tisa, sura ambayo wengi wetu huisoma haraka haraka tukapita kwa sababu ina damu nyingi. Lakini ndani yake kuna mtu mmoja ambaye hatuwezi kumpita. Wenzake sita wamebeba silaha, yeye hana silaha. Amevaa kitani, na kiunoni amefunga kidau cha wino cha mwandishi. Tunauliza mambo mawili tu: huyu ni nani, na akipita katikati ya mji anatafuta nini?

Fungua Biblia yako uiweke karibu.

1. Ezekieli aliona nini?

Ni mwaka 592 kabla ya Kristo. Ezekieli hayuko Yerusalemu. Alikuwa kati ya waliochukuliwa mateka pamoja na mfalme Yehoyakini, na sasa anaishi Babeli kando ya mto Kebari. Ameketi nyumbani kwake, wazee wa Yuda wamekaa mbele yake, mkono wa Bwana unamshukia. Katika maono anapelekwa mpaka hekaluni Yerusalemu.

Huko anaonyeshwa mambo manne, na kila mara anaambiwa ataona baya zaidi. Kwanza sanamu karibu na lango. Kisha wazee sabini ndani ya chumba cha giza, kila mtu na chetezo chake, wakifukizia uvumba picha za wadudu na wanyama ukutani. Kisha wanawake wakimlilia Tamuzi, mungu wa Babeli. Mwisho, wanaume kama ishirini na watano, wamelipa hekalu la Bwana mgongo, wanaliabudu jua.

Hebu tulia kwa wale wazee sabini. Hawa si watu wa nje. Hawa ndio wanaokaa viti vya mbele. Na wana msemo wao: Bwana hatuoni, Bwana ameiacha nchi. Nilisomea mambo ya biashara kabla ya kuingia katika huduma, na mtu yeyote aliyekaa darasa la uhasibu atakubaliana nami hapa: wizi wa vitabu huanza siku mtu anapojiambia kwamba hakuna atakayekagua. Wazee wa Yerusalemu walifika hapo. Walidhani ofisi ya mbinguni imefungwa.

Ndipo sauti kubwa inaita. Watu sita wanatokea kwa njia ya lango la juu, upande wa kaskazini, kila mmoja na silaha ya kuangamiza mkononi. Pamoja nao yuko huyu mwenye kitani. Wanasimama kando ya madhabahu ya shaba. Wakati huohuo utukufu wa Mungu unainuka kutoka juu ya kerubi na kusogea mpaka kizingitini. Mungu ameanza kuhama nyumba yake mwenyewe, hatua kwa hatua, kama mzazi anayeondoka akiangalia nyuma.

2. Huyu mtu ni nani?

Ezekieli hakutupa jina. Walimu wa Kiyahudi wa kale walisema ni malaika Gabrieli, na imo katika Talmudi yao. Wakristo wengi, tangu zamani, wamemwona hapa Bwana Yesu mwenyewe kabla hajazaliwa Bethlehemu, kwa sababu ya lile vazi. Wengine wanamlinganisha na mtu mwenye kitani ambaye Danieli alimwona kando ya mto mkubwa, Danieli 10 na 12.

Mimi nasema hivi: mahali Biblia imenyamaza, tusipige kelele. Jina hatukupewa. Lakini vazi tumeonyeshwa, na kifaa cha kazi tumeonyeshwa. Tuanzie hapo.

Vazi ni kitani. Katika Walawi 16:4, Siku ya Upatanisho, kuhani mkuu alivua mavazi yake ya dhahabu na vito, akavaa kitani tupu, ndipo akaingia mahali patakatifu kufanya upatanisho kwa ajili ya watu. Kwa hiyo mtu huyu anaingia mjini na vazi la mpatanishi. Tena amesimama karibu na madhabahu, mahali pa damu ya dhabihu.

Kifaa ni kidau cha wino. Neno hilo Waebrania walilichukua Misri, na kilikuwa chombo cha karani: sehemu ya wino na kalamu zake za mwanzi, vikifungwa pamoja kiunoni. Karani wa mfalme ndiye aliyeandika nani ameingia, nani anadaiwa, nani amesamehewa. Kwa lugha ya leo, ndiye mwenye rejista.

Basi tuna karani aliyevaa kama kuhani. Anaandika, lakini anaandika ili aokoe. Ukimwangalia vizuri utaona kivuli cha Yesu, Kuhani wetu Mkuu, ambaye majina ya watu wake yamo katika kitabu cha uzima. Hata kama aliyetumwa siku ile ni malaika, kazi aliyoifanya ni ile ambayo Mwana alikuja kuikamilisha.

Na usikose utaratibu. Amri ya kwanza haikwenda kwa wale sita. Ilikwenda kwa karani. Wale wenye silaha waliambiwa wapite nyuma yake. Hata siku ambayo Mungu amekasirika mpaka anatoka hekaluni, anaituma kalamu itangulie silaha. Haleluya!

3. Alama yenyewe

Neno la Kiebrania lililotafsiriwa alama ni tav. Ni herufi ya mwisho ya alfabeti yao, na katika maandishi yao ya kale iliandikwa kwa mistari miwili inayokatana, kama msalaba. Ni neno hilohilo ambalo Ayubu analitumia katika Ayubu 31:35 akisema sahihi yake ni hii. Kwa hiyo alama ni sahihi. Mungu anatia sahihi kwenye paji la uso wa mtu na kusema, huyu ni wangu. Ufunuo 7 inaona jambo hilohilo: malaika mwenye muhuri anawazuia malaika wa uharibifu mpaka watumishi wa Mungu watiwe muhuri. Na Paulo anawaambia Waefeso kwamba muhuri wetu ni Roho Mtakatifu, Waefeso 1:13.

Sasa sikiliza. Sisi Wakenya tumehangaika sana na alama moja tu, ile ya mnyama. Mwaka 2019 serikali ilipoandikisha watu kwa Huduma Namba, kuna waumini waliogopa kwamba hiyo ndiyo 666. Chanjo ya korona ilipokuja, tukasikia hayohayo. Simcheki mtu aliyeogopa. Lakini nauliza: kwa kila mahubiri kumi tuliyosikia juu ya alama ya mnyama, tumesikia mangapi juu ya alama ya Mungu?

Hofu hiyo ina gharama. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Walikuwa watu walioambiwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu. Walikuwemo watoto. Walifika kule wakifuata mafundisho juu ya siku za mwisho, mafundisho yaliyotumia mistari ya Biblia hiihii.

Basi pimeni mafundisho ya maono kwa kipimo ambacho Ezekieli mwenyewe anatupa. Katika 9:8, alipoona watu wanaanguka, alifanya nini? Alianguka kifudifudi, akalia, akamwuliza Bwana kama atawaangamiza mabaki yote ya Israeli. Mtu aliyeona maono ya kweli aliishia chini, akiwaombea watu waishi. Ukisikia mwalimu wa maono ambaye ufunuo wake unakutenga na mama yako, unawatoa watoto wako shule na hospitali, na mwisho unakupeleka kaburini, ondoka. Usingoje kufunga maombi. Ondoka.

4. Anatafuta nini?

Hapa ndipo kiini cha somo. Karani hakuambiwa atafute watu wa kabila fulani. Hakuambiwa aangalie nani ametoa fungu la kumi, nani ni mzee wa kanisa, nani anaimba kwaya. Aliambiwa awatie alama watu wanaougua na kulia kwa sababu ya machukizo yanayofanyika ndani ya mji. Kwa Kiebrania maneno hayo mawili yanakaribiana sana kwa sauti, ni kama mtu anayeguna mara mbili kwa uchungu. Alama iliwaendea watu ambao ubaya wa mji wao bado unawaumiza.

Si wanaolalamika. Kulalamika tunajua, tunafanya kila siku kwenye matatu na kwenye WhatsApp. Kulalamika kunatafuta wa kulaumiwa. Anayeugua amelibeba jambo hilo mpaka kwa Mungu, na haoni aibu kusema, huu ni mji wangu.

Angalieni mfano wa watu wawili. Katika kile chumba cha giza, Ezekieli anamtaja mtu mmoja kwa jina: Yaazania mwana wa Shafani. Kama huyo Shafani ni yule katibu wa mfalme Yosia katika 2 Wafalme 22, aliyemsomea mfalme kitabu cha torati, basi Yaazania alitoka nyumba yenye jina kubwa kabisa. Jina la baba halikumzuia kushika chetezo gizani. Mtu wa pili hayuko katika Ezekieli, yuko katika Yeremia 38 na 39. Anaitwa Ebedmeleki, Mkushi, Mwafrika, mgeni katika nyumba ya mfalme. Yeremia alipotupwa shimoni azame topeni, ni huyu mgeni aliyekwenda kumsemea kwa mfalme, akamtoa kwa kamba, tena akamwekea matambara kwapani ili kamba zisimchubue. Bwana alimwahidi kwamba mji utakapotekwa, hataanguka kwa upanga.

Mwana wa Shafani gizani. Mkushi amehifadhiwa. Karani wa mbinguni hasomi jina la ukoo.

5. Akipita Eldoret

Mji huu ambao wazee bado wanauita Sisibo, kutokana na lile shamba nambari 64, ulipewa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini tuseme mtu wa kitani anapita leo kutoka Langas mpaka Kapsoya, kutoka Huruma mpaka Kimumu. Anasikia nani akiugua?

Je, kuna anayeugua kwa ajili ya Kiambaa? Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kenya Assemblies of God pale Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kuokoa maisha. Wengi waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Siku hizo kulikuwa na vizuizi barabarani, watu wakishushwa kwenye magari na kuulizwa vitambulisho. Kilichotafutwa kwenye kitambulisho ni jina. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchi nzima. Makabila sitayataja, mnayajua.

Na hapa kuna swali ambalo mama mmoja anaweza kuniuliza, nami sitalikwepa: Mchungaji, wale watoto wa Kiambaa hawakuwa na alama? Jibu ni hili. Waliokuja Kiambaa na moto si wale sita wa Ezekieli. Walikuwa binadamu, na walitenda dhambi. Mtu asije akasema hiyo ilikuwa hasira ya Mungu juu ya waliokufa. Alama ya Mungu si hirizi. Waebrania 11 inasema wako watu wa imani waliookoka makali ya upanga, na mistari michache mbele inasema wako wengine waliouawa kwa upanga, na wote wawili wanahesabiwa katika orodha moja. Alama inasema wewe ni wa nani. Na Mungu hapotezi aliye wake, hata motoni, hata kaburini.

Je, kuna anayeugua kwa ajili ya binti zetu? Mkoa huu unajulikana duniani kwa wakimbiaji. Oktoba 2021 Agnes Tirop aliuawa Iten. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyetoka tu kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa Trans Nzoia, siku ya Jumapili. Alifia hapa kwetu, katika Hospitali ya Rufaa ya Moi. Tulizungumza wiki mbili, kisha tukarudi kwenye mambo yetu. Lakini wako waliokataa kurudi. Wanariadha wenzake Tirop walianzisha shirika la Tirop's Angels kusaidia wanawake wanaopigwa. Huko ni kuugua kunakoamka asubuhi na kufanya kazi.

Je, kuna anayeugua kwa ajili ya wazazi waliouza ng'ombe na vipande vya shamba, wakalipa pesa za mpango wa kaunti wa masomo ya Finland na Kanada, na watoto wakabaki nyumbani? Nani ana hatia, hiyo ni kazi ya korti. Lakini uchungu wa wale wazazi si kazi ya korti. Ni kazi yetu.

6. Akaambiwa wapi pa kuanzia

Ezekieli 9:6 ina maneno mazito. Wale sita waliamriwa waanzie patakatifu. Nao wakaanza na wazee waliokuwa mbele ya nyumba. Petro anakumbusha jambo hilohilo: hukumu inaanzia nyumbani mwa Mungu, 1 Petro 4:17.

Kwa hiyo hatuwezi kuhubiri sura hii tukielekeza kidole nje ya dirisha. Tunajua kwamba Agosti 2027 nchi inaenda kwenye uchaguzi. Wanasiasa watakuja, watapewa kipaza sauti mahali pengi pa ibada, na bahasha zitatoka. Kuna vikundi vya WhatsApp vya waumini ambako hata sasa watu wa jamii nyingine wanaitwa majina ya wadudu na ya magugu. Mtu anatuma, mwingine anaweka alama ya kucheka, Jumapili wote wawili wanainua mikono. Ndugu yangu, hicho ndicho chumba cha giza cha Ezekieli 8. Ukuta una picha za wadudu, na kila mtu ameshika chetezo chake.

Kuna pia dada anayepigwa nyumbani, akaja kwa viongozi, akaambiwa avumilie na aombe zaidi. Viongozi wenzangu, tusimrudishe dada kwenye hatari kwa jina la Yesu. Akija kwetu, mlango ufunguliwe, polisi waarifiwe, na mume aitwe atubu kama mtu yeyote mwenye dhambi.

7. Akarudi na ripoti

Sura inafunga kwa njia inayonipendeza mimi mtu wa hesabu. Wale sita hatusomi taarifa yao. Anayerudi kutoa taarifa ni mwenye kidau cha wino. Anasema amefanya kama alivyoamriwa. Hakuruka nyumba. Hakumsahau mjane wa uchochoroni aliyekuwa analia peke yake usiku, akidhani hakuna anayemsikia.

Pengine wewe ndiye huyo. Umelia juu ya mtoto aliyeingia kwenye pombe, juu ya jirani uliyemwona akifukuzwa kwake mwaka ule, juu ya ufisadi unaouona kazini na huna cheo cha kuuzuia. Umechoka, unajiona mpumbavu kwa sababu kila mtu mwingine amezoea. Usizoee. Bwana wetu Yesu mwenyewe, alipoukaribia Yerusalemu, aliuona mji akaulilia, Luka 19:41. Ukilia juu ya mji, uko kundi moja naye.

Na kama huwezi tena kuumia, kama moyo umekuwa mgumu, usiondoke hivyo. Mwombe Roho Mtakatifu. Ndiye muhuri, na ndiye anayeugua ndani yetu tusipojua jinsi ya kuomba, Warumi 8:26.

Ya kufanya wiki hii

Kwanza, tenga usiku mmoja uombee mtaa wako kwa majina ya barabara na majina ya watu, hasa wa jamii isiyo yako. Pili, toka katika kikundi chochote cha simu kinachotukana jamii nyingine, au ubaki useme wazi kwamba hilo ni dhambi. Tatu, mtembelee mtu mmoja ambaye uchungu wake umesahauliwa, na usiende mikono mitupu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini karani alitumwa mbele ya wenye silaha? Hilo linatuambia nini juu ya moyo wa Mungu?
2. Ni ubaya gani wa Eldoret ambao zamani ulikuumiza na sasa umeuzoea?
3. Je, kikundi chetu kina watu wa jamii moja tu? Tutafanya nini kabla ya Agosti 2027?

Tuombe

Bwana, usitupite. Utupe macho ya kuona yanayofanyika gizani, tukianza na giza letu wenyewe. Utupe machozi juu ya mji huu, kisha utupe nguvu za kuamka na kufanya kazi. Wafariji waliobaki baada ya Kiambaa. Walinde binti zetu. Na siku karani wako atakapopita katika nyumba zetu, atukute tukiugua, tusiwe tumezoea. Katika jina la Yesu. Amina.